Kabati la Kupimia Pumzi

Mshona viti anadai kwamba lile lori lilipanda mlima kwa gia ya nne. Lilikuwa limebeba saruji, anasema, shehena kamili na turubai juu, na dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja tu, maana mkono wa pili ulikuwa na kikombe cha chai. Yeye mshona viti alikuwa ndani ya basi. Akasikia ngurumo nyuma, akageuka, akaona lori linakuja. Kufumba na kufumbua limeshalipita basi, palepale penye ile kona ambayo malori mengine hufika yakihema na kusimama yatiwe maji. Abiria wakapiga makofi. Mama mmoja akauliza lori hilo linakunywa nini. Na ile chai, haki ya nani, haikumwagika.

"Hata tone," alirudia, amesimama mlangoni mwa gereji na sindano ya kushonea ngozi imechomekwa kwenye ukosi wa shati. "Nife leo."

Pumzi alikuwa amechuchumaa, anasugua valvu kwa brashi ya waya. Hakuinua kichwa. Siku nne nyuma, habari hii ilipoletwa mara ya kwanza, lori lilikuwa gia ya tatu na chai haikuwamo. Siku ya pili chai ikaingia. Leo gia imepanda. Alikuwa anangoja tu, bila haraka, aone kama kesho dereva ataachia usukani kabisa.

"Ni ile kumi na tisa," mshona viti akasema. "Tulipopima ikaja kumi na tisa, mimi nilijua."

Alisema "tulipopima" bila haya, na kwa kiasi fulani alikuwa na haki. Cherehani yake kubwa ya kushonea viti vya malori ilikula umeme wa laini moja na gereji. Ikifanya kazi wakati wa kupima, mota zinalegea na maji yanashuka nusu kidole. Kwa hiyo kila siku ya kupima ilikuwa lazima mtu aende kumwomba azime, naye akishazima hana la kufanya, anakuja kusimama nyuma ya watu, mikono kiunoni. Baada ya miaka kadhaa ya kuzima cherehani akajihesabu fundi injini.

Kilichopimwa ni hewa. Injini ya lori, kama mjomba wake Pumzi alivyopenda kuwaeleza wateja, ni sawa na mtu anayepanda mlima: mlishe utakavyo, ukimbana pua hafiki. Chakula ni dizeli. Pua ni yale matundu yaliyomo ndani ya silinda hedi, lile pande la chuma linalokaa juu ya injini kama kifuniko juu ya sufuria. Mjomba aliyasaga matundu hayo kwa jiwe dogo linalozunguka, akayapanua na kuyalainisha ili hewa ipite bila kujikwaa. Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na sita. Na ili mteja asije akasema amesagiwa chuma bure, hedi hupimwa kabla na hupimwa baada, kwenye kabati.

Kabati lilikuwa kabati kweli. La nguo, milango miwili, mbao nzito, alilokuja nalo mkaza mjomba siku alipoolewa. Miaka kumi na miwili iliyopita mjomba aliliomba kwa wiki moja. Akalitoboa juu, akapanga ndani yake mota sita alizozitoa kwenye mashine za kufyonza vumbi, na ubavuni akagandisha mrija wa plastiki wenye maji mekundu, pamoja na rula ya shule. Hedi inawekwa juu ya lile tundu, mota zinawashwa, zinavuta hewa kupitia kwenye hedi. Hewa ikipita nyingi, maji yanapanda. Ikipita kidogo, yanabaki chini. Kioo kilibaki kwenye mlango wa kushoto, na wateja walikitumia kuangalia meno.

Kusaga ni kwa mjomba, kusoma ni kwa Pumzi. Hiyo ilikuwa sheria, na aliyeiweka ni mjomba mwenyewe tangu binti huyo alipomaliza darasa la saba akaja kukaa nao. Mjomba hakuutazama ule mrija. Alisema jicho la fundi huona kile ambacho fundi anataka. Kwa hiyo Pumzi ndiye aliyeinama, ndiye aliyetaja namba, ndiye aliyeiandika ukutani kwa chaki, na jina lake la nyumbani likasahauliwa. Hata kwenye kitabu cha zahanati aliandikwa Pumzi.

Na ukutani, juu ya namba nyingine zote, iliandikwa: KABLA 14. BAADA 19. Mjomba alikuwa hajawahi kuongeza zaidi ya mbili na nusu maisha yake yote. Tano! Tangu siku ile mwendo wake ulibadilika, alitembea kama mtu anayepishana na umati. Mwenye lori naye, mama mmoja mfupi ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Bi Tela, alisikia habari za mlima, gia zote na chai, akaamua. Ana malori mengine matano ya aina ileile. Akayalaza yote uwanjani kwake, yakafunguliwa hedi, yakabaki wazi kama watu wanaongoja kinyozi. Hedi zitaletwa moja moja. Yeye mwenyewe atakuja leo jioni kushuhudia kazi inaanza.

Mjomba alikuwa na mpango. Kama kusaga kawaida kumetoa tano, basi hizi atazisaga zaidi, milimita mbili ndani.

Mpango huo ndio uliomkosesha Pumzi usingizi tangu awali, kabla hata hajajua lililofichika. Maana ndani ya hedi, kati ya tundu la hewa na njia ya maji, kuna ukuta, na ukuta huo si mnene. Mwaka juzi mjomba aliutoboa, hedi ikawa ya kutupwa. Ilikuwa hedi ya mtu mpole, hakugomba. Mjomba alikaa juu ya tairi siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne akasema tu, "Nilisikia jiwe limebadilisha sauti. Sikuacha."

Mshona viti alipochoka kusifiwa na nafsi yake akarudi kwenye cherehani. Haukupita muda, mkaza mjomba akaingia na shuka begani. Kwanza alipita kwenye kabati, akalipapasa ubavu kama mtu anayemwona ng'ombe wake kwenye zizi la watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu nusa hapa."

Pumzi akanusa shuka. Ilinuka dizeli.

"Nimefua mara tatu, harufu iko palepale. Mjomba wako anasema nimemwagia mafuta ya taa. Taa gani? Ni hiyo sabuni yenu! Mnailaza kwenye mafuta, halafu mtu afulie nini?"

"Sabuni gani, mama?"

"Ile ya mche. Nilikuja kuchukua funguo siku ile, nikaikuta imechomekwa kwenye chuma, hapo juu ya kabati langu. Nikasema hawa watu akili zao zikoje, sabuni ya kufulia wanailisha chuma. Nikachomoa."

Brashi ya waya ikasimama.

"Siku gani, mama?"

"Siku mliyopiga kelele. Kumi na tisa, kumi na tisa! Hata sijafika bombani, nikawasikia."

Pumzi aliweka valvu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

Siku ile aliikumbuka vizuri. Hedi ina matundu mengi, na ukitaka kupima moja lazima uzibe mengine yote, la sivyo hewa itapita huko pia na maji yatapanda kwa hisani ya tundu lisilohusika. Wao walizibia sabuni ya mche, iliyopondwa na kukandwa mpaka ikalainika. Alikuwa ameshaziba. Tundu la nozeli, ile inayorusha dizeli ndani ya injini, linalokaa upande wa ukutani na linaloenea kidole gumba, aliliziba la mwisho. Kisha akaenda kumwomba mshona viti azime. Mshona viti akasema ngoja nimalize pindo hili. Pindo lilikuwa refu. Mjomba alikuwa kwa mkerezaji. Waliporudi wote watatu wakawasha mota, maji yakapaa, mjomba akaruka, na hakuna aliyezunguka nyuma kutazama.

"Mama, hiyo sabuni imebaki?"

"Imebaki kipande. Unakitaka?"

"Naomba."

"Nitakuletea. Na mjomba wako mwambie nataka kabati langu," mkaza mjomba akasema, kama alivyosema kila wiki kwa miaka kumi na miwili, akatoka na shuka yake.

Kabla ya adhuhuri dereva akaleta hedi ya kwanza kati ya zile tano. Alikuwa ni yuleyule wa mlimani. Yeye na mpakiaji wake waliinyanyua, na Pumzi akawaomba waiweke moja kwa moja juu ya kabati.

"Dereva," akamwuliza, "kile kilima ulipanda kwa gia gani?"

"Ya tatu. Zamani ilikuwa ya pili, tena kwa kuomba dua."

"Na chai?"

"Chai gani?"

"Na basi ulilipita?"

"Nililipita, ndiyo. Lilikuwa limesimama, linabadilisha tairi. Mbona unanihoji kama trafiki, dada?"

"Nauliza tu. Ule mfuko niliokuwekea kwenye kiti uliuona?"

Dereva akacheka. "Kumbe ni wewe! Ule uchafu umeutoa wapi?"

"Kwenye ea klina. Panya alijenga."

Ulikuwa uchafu wa haja. Siku ile walipokuwa wanafunga injini, Pumzi alifungua chujio la hewa kulipangusa, akakuta kiota kimejaa mpaka mdomoni: majani makavu, sponji ya kiti, nyuzi za turubai, na soksi moja ya mtoto. Alikitoa chote kwa mikono miwili, akatia chujio jipya, akakitia kiota kwenye ule mfuko ili mwenye gari asije akasema ameibiwa kitu.

"Ile soksi ni ya mwanangu," dereva akasema. "Naitafuta tangu anaanza kutembea."

Akaondoka. Pumzi akabaki anaitazama hedi. Ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani, haijaguswa na jiwe wala patasi. Angeweza kuipima papo hapo, ila ingebidi kwanza akamwombe mshona viti azime, na mshona viti akizima anakuja, na akija anaona, na akiona mji mzima umeona. Kwa hiyo alikaa. Alisugua valvu nne. Adhuhuri mshona viti alifunga mlango wake akaenda kula, cherehani ikanyamaza, na hapo Pumzi akanyanyuka.

Akaziba matundu yote kwa sabuni. La nozeli akaliziba kwa kile kipande alicholetewa na mkaza mjomba, ambacho kweli kilikuwa kinanuka. Akawasha. Maji yakapanda, yakatulia kwenye kumi na nne.

Akazunguka nyuma, akachomoa kipande kimoja tu. Maji yakapanda tena kama yaliyoitwa. Kumi na tano, kumi na saba. Yakasimama kumi na tisa, juu ya mstari kabisa.

Akazima. Akakaa juu ya ndoo. Alisema "aa," peke yake, si kwa sauti.

Mjomba alirudi na mawe mapya ya kusagia kwenye karatasi, anapiga mluzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umeanza bila mimi?"

"Nimepima hii mpya. Haijasagwa."

"Ngapi?"

"Kumi na nne."

"Si nilikwambia? Tumbo moja na mwenzake." Akafungua karatasi, akayapanga mawe yake kwa ukubwa. "Jioni mama mwenye malori akija nataka nimwonyeshe ninavyoingia. Milimita mbili. Na nusu, pengine."

"Mjomba, njoo uone kitu."

"Kusoma ni kwako."

"Leo njoo usome mwenyewe."

Alisema kwa adabu, ila hakusogea kando, na mjomba akaona kuna jambo. Akaja. Pumzi akawasha mota, akamwonyesha kumi na nne, akapeleka mkono nyuma ya hedi. Mjomba akainama mbele ya mrija kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili, akayaona maji yakipanda mpaka kumi na tisa mbele ya pua yake.

"Umefanya nini?"

"Nimechomoa sabuni."

"Irudishe."

Akairudisha. Kumi na nne.

"Chomoa."

Kumi na tisa.

Walifanya hivyo mara sita. Mara ya saba mjomba alikwenda nyuma mwenyewe, akachomoa mwenyewe, akarudi kusoma mwenyewe. Kisha akairudisha sabuni tunduni, akazima mota.

"Siku ile nani alichomoa?"

"Mkaza mjomba. Alikuwa anakwenda kufua shuka."

Mjomba akafikiri.

"Zilitakata?"

"Hapana. Zinanuka dizeli."

"Ndiyo harufu yenyewe ile," mjomba akasema. Akavuta tairi, akakaa. Pumzi hakupenda kumwona amekaa juu ya tairi. "Lakini lori lilipanda. Watu wameliona. Lilipandaje?"

"Panya, mjomba."

Akamweleza habari za kiota. Hakuacha kitu, hata soksi. Mjomba alisikiliza ameshika tama.

"Miaka ishirini na sita," akasema mwishowe. "Nimepigwa bao na panya."

"Hatujui. Ile hedi hatukuipima inavyotakiwa. Pengine umeongeza moja. Pengine mbili."

"Pengine sifuri."

Pumzi alichukua kitambaa akapangusa mrija, ambao haukuwa na vumbi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na mama, ila yeye hajui kama anajua."

"Malori matano yako wazi uwanjani, Pumzi. Amesimamisha kazi. Amesimamisha kazi kwa sababu yangu."

"Machujio tu yakisafishwa, mengi yatakwenda vizuri. Hizi hedi ukizisaga kawaida hazitadhurika. Ila ukiingia milimita mbili kwa ajili ya ile tano, na ile tano haipo..." Hakumaliza. Wote wawili waliujua ule ukuta. "Mimi siwezi kuandika kumi na tisa tena, mjomba."

"Sijakuomba uandike."

"Ndiyo, hujaniomba."

"Niache mpaka jioni nifikiri."

Lakini jioni ilikuja saa tisa. Bi Tela hakuwa mtu wa kungoja kivuli kirefuke. Gari dogo likasimama mlangoni, akateremka na mkoba wake kwapani, dereva nyuma yake. Upande wa pili wa ukuta cherehani ikanyamaza bila kuombwa, na mshona viti akawa ameshafika, mikono kiunoni, kabla Bi Tela hajamaliza kusalimia.

"Hodi hapa! Fundi, habari za mchana?"

"Nzuri, mama. Karibu." Mjomba akanyanyuka kwenye tairi.

"Mimi injini sikusoma," Bi Tela akasema. Akajitazama kidogo kwenye kioo cha kabati, akaweka kitambaa cha kichwa sawa. "Nasikia tu maneno. Huyu ananiambia gia ya nne."

"Ya nne," mshona viti akakubali. "Ikielekea ya tano."

Dereva akatazama viatu vyake.

"Kwa hiyo leo nimekuja kuona kwa macho yangu haya. Nionyesheni namba. Mimi nikiona, nikitoka hapa nakwenda kuwaambia vijana wapakie hizo nne zilizobaki, zije zote kwa mpigo, usiku huu mzisage. Sawa?"

Mjomba alimtazama Pumzi. Pumzi akawasha mota. Kabati likaanza kuvuma, milango yake ikatetemeka, na nyuso za watu kwenye kioo zikatetemeka pamoja nayo. Maji mekundu yakapanda, yakasimama.

Bi Tela akainama, akaweka kidole kwenye rula. "Kumi na nne. Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama," Pumzi akasema. "Hiyo haijasagwa."

"Vizuri. Na ukutani mmeandika kumi na tisa." Akanyoosha mgongo, akamgeukia mjomba. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Sasa fundi, nieleze. Hiyo tano inatoka wapi?"

"Kwenye jiwe!" mshona viti akamjibia. "Mkono wa huyu bwana, mama, acha kabisa."

Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya kabati, upande wa ukutani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na jiwe jipya la kusagia. Wa kulia ulikuwa umelala juu ya hedi, na kidole gumba kimefika kwenye tundu la nozeli, kimeegemea sabuni. Mkono huo aliweza kuuona Pumzi peke yake. Wengine walimwona kuanzia kifuani kwenda juu.

Pumzi angeweza kuzunguka akaichomoe mwenyewe, ni hatua nne. Hakuzunguka. Alichukua chaki kwenye kishubaka, akasimama kando ya mrija, mahali pake pa siku zote, akaangalia maji, kisha akamwangalia mjomba wake.

"Mjomba," akasema, sauti yake imepita juu ya mota kidogo tu, "naomba uchomoe sabuni."

"Achomoe nini?" Bi Tela akauliza.

Mkaza mjomba akatokea mlangoni na shuka nyingine begani, akaona watu wamejaa, akasimama. Maji yalikuwa kumi na nne. Mota zilikuwa zinavuma. Pumzi alingoja, chaki mkononi, mjomba amwonyeshe Bi Tela ile tano ilikotoka.